Diski Niliyoifuta, Lawama Uliyoibeba

Malaba, Jumapili, saa tisa mchana

Nabwire,

Sikuulizi hali. Nakusikia kupitia ukuta huu wa mbao, unavyotupa nguo ndani ya sanduku kana kwamba zimekukosea. Na wewe bila shaka unasikia kiti changu kikilia kila ninapogeuka. Tumeishi hivi wiki sita sasa, kila mmoja anamsikia mwenzake na hakuna anayesema kitu. Mimi ni mzima, kama ulitaka kujua, ila hukuuliza.

Usidhani nimekaa hapa kukuandikia mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa. Una miaka ishirini na mmoja. Ukinywa maji machafu huko Nakuru utaharisha, na utajifunza. Wala usidhani nakubembeleza. Nina hasira nawe, nataka ulijue hilo mapema. Nina hasira kubwa zaidi na mimi mwenyewe, lakini hiyo tutaifikia.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kukaa kwenye duka la fotokopi la binamu yangu, uwapigie chapa barua watu wasiojua hata wanataka kusema nini. Wewe, uliyekuwa uende Mombasa mwezi wa nane kusimamia kompyuta zote za bosi wetu Mzee Omuse kule bandarini. Sasa Malaba nzima inasema mtoto wa Mama Nabwire alichezea mashine ya ofisi mpaka akafuta kazi ya miaka mitatu. Unajua si kweli. Mimi pia najua. Tunaojua ni sisi wawili, na wote tumenyamaza, ndiyo maana nyumba hii haikaliki.

Nitakusimulia upande wangu, ule usiouona. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Nilianza kazi ya uwakala wa forodha hapa mpakani kabla hujazaliwa, nikiwa tarishi wa kubeba karatasi kutoka ofisini hadi kwenye kidirisha cha afisa. Nilipopewa kujaza fomu mwenyewe nilijifunza sheria moja tu, na imenilisha mpaka leo: hakuna kisanduku kinachobaki kitupu. Huna la kuandika, andika sifuri. Sifuri haifai, piga mstari. Afisa akiona nafasi nyeupe hakuulizi chochote, anaisukuma karatasi nje, na lori linabaki barabarani siku nyingine nzima huku dereva akikutukana wewe na nyanya yako. Mkono wangu ukikutana na kisanduku kitupu unakijaza kabla kichwa hakijauliza ni cha nini. Nilikuwa najivunia mkono huo. Mzee Omuse mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mama fomu yake hairudi," nami nilijifanya sijasikia ili arudie.

Halafu ikaja ile kompyuta. Sikuipenda, unajua. Mfumo wake wa kwanza ulikuwa nakala ya wizi, na kila wakala aliyeingia na flopi yake aliingia na virusi vyake. Kila wiki mashine ilikuwa inaugua. Ndipo wewe, umemaliza kidato cha nne na huna la kufanya, ukaanza kwenda kituo cha utafiti cha Alupe kila Jumamosi kwa yule mtafiti aliyekukubalia ukae kwenye mashine zao. Ukarudi na CD ya Linux, macho yanawaka, ukaniambia ni mfumo wa bure uliotengenezwa na watu wengi wasiojuana, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua aone ndani. Nilikuuliza kitu cha bure kina mwenyewe gani wa kulalamikiwa kikiharibika. Ukacheka. Sikuwa nachekesha.

Siku ile ya kwanza ulipouweka, mashine iliwaka, ikaandika herufi mbili pembeni mwa skrini, L na I, ikanyamaza. Nilifurahi, Nabwire. Mawakala walikuwa wamesimama mlangoni, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Haya, mjuaji, umeiua."

"Haijakufa, Mama. Imekwama tu. Ngoja nisome."

"Imeandika herufi mbili. Unasoma nini?"

Uliingiza flopi ya kuwashia, ukafungua kijifaili kimoja, ukaongeza neno moja tu, ukaiambia mashine upya mahali pa kuanzia. Ikawaka. Ilikuchukua saa nne, na muda wote huo hukuinua sauti wala hukuipiga mashine kofi kama ninavyoipiga mimi. Niliudhika kuliko kama ungeshindwa.

Ikafuata vita ya printa. Mstari wa kwanza ulianza kushoto, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu ukatoka nje ya karatasi kabisa. Nilipeleka fomu moja ya entri hivyo hivyo kwa ukaidi tu, nione itakuwaje. Afisa akainua ile karatasi juu, watu wote wa foleni wakaiona. "Mama, hii ni entri ama ni ngazi? Nipande nayo niende wapi?" Miaka yote ile fomu yangu hairudi, ikarudi siku hiyo kwa kicheko. Nilikuja nikakufokea mbele ya madereva. Wewe ukasema printa inahitaji kuambiwa kila mara irudi mwanzo wa mstari, ukaandika programu ndogo ya mistari michache, na kufikia jioni kila nambari ilikaa ndani ya kisanduku chake. Sikukushukuru. Nilisema tu wino umefifia.

Ninayoandika sasa sijamwambia mtu. Nilikuonea wivu. Mimi, mama yako mzazi, nilikuonea wivu mpaka nikakonda. Zamani dereva akiingia alisema, "Mama Nabwire yuko?" Baadaye wakawa wanasema, "Nabwire yuko?" na mimi nimekaa pale pale, nimevaa gauni la buluu, si mzuka. Niliwajua waagizaji wote kwa kichwa, kila aina ya bidhaa na nambari yake ya forodha. Wewe ukaniomba nikutajie, ukaziweka zote ndani ya mashine kwa majuma mawili, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kichwa changu. Siku Mzee Omuse aliposema mbele ya wote, "Huyu msichana ni moto, mwezi wa nane anaenda kusimamia mashine zote huko kwa port," nilipiga makofi kama wengine. Kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo cha uani mpaka uso uliponikaa sawa.

Haya. Jumamosi ile.

Ulikwenda Alupe. Ile CD ya toleo jipya ilikuwa juu ya meza, na daftari lako la maelekezo limelala juu yake. Ulikuwa umeniambia tutahamia toleo jipya Jumatatu pamoja, ukishanakili kila kitu upya. Ulikuwa pia umeniambia kwamba kazi yetu yote umeiweka kwenye sehemu yake peke yake ya diski, ili mfumo ukibadilishwa kazi isiguswe. Ulichora hata picha, chumba cha mfumo huku na chumba cha kazi kule. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa nikifikiria kwamba Jumatatu asubuhi utaingia ukute nimemaliza, toleo jipya liko, na mama yako ndiye aliyeliweka.

Sikufungua daftari. Nilisema moyoni mtu aliyejaza fomu za forodha miaka kumi na tisa hawezi kushindwa na maswali ya mashine.

Iliniuliza kama naongeza toleo au naweka upya. Nilichagua kuweka upya, kwa kuwa neno upya lilisikika vizuri masikioni mwangu. Ikauliza lugha, ikauliza kibodi, nikajibu. Kisha ikaleta orodha ya sehemu za diski, na mbele ya kila sehemu kisanduku kidogo. Kimoja kilikuwa na alama. Vingine vilikuwa vitupu.

Umeshaelewa. Nilivijaza. Sikusoma maneno yaliyoandikwa juu, kwamba kila chenye alama kitafutwa. Niliona visanduku vitupu na mkono ukaenda, alama, alama, alama, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa. Nakumbuka hata nilisema kwa sauti, "Sasa iko kamili." Mashine ikauliza tena kama nina hakika. Nikajibu ndiyo haraka, maana pale kidirishani anayesita anaambiwa asimame kando.

Ilimaliza vizuri, bila kukwama, bila L na I. Nikafurahi. Nikatafuta kazi yetu, haikuwepo. Nikatafuta kwa majina yote niliyoyajua, nikazima, nikawasha, nikatafuta tena. Nikakumbuka zile flopi ulizokuwa unanakilia kila Ijumaa na kuziweka kwenye boksi la viatu. Nikalifungua. Zilikuwa tatu tu, zote za zamani. Nyingine nilikuwa nimezigawa mwenyewe kwa mawakala waliokuja kuomba flopi, nikabandua hata lebo zako. Niliona ni ubadhirifu kuweka nakala ya kitu ambacho kipo. Mimi, ninayetoa nakala nne za kaboni za kila fomu!

Nikaifunika mashine kwa kile kitambaa nilichokifuma, nikaenda nyumbani nikapika. Uliporudi uliniambia habari za Alupe, na nilikupakulia nyama ya kifua. Jumapili niliimba kanisani. Nilikuwa najiambia labda Jumatatu mambo yatajirekebisha yenyewe, upuuzi wa namna hiyo hiyo ambao ningemkaripia dereva wa miaka ishirini.

Jumatatu malori kumi na mawili yako barabarani yanangoja entri, na ofisi haina hata jina la mwagizaji mmoja. Mzee Omuse akaingia. "Nani aliguza hii kitu?"

Wewe ulikuwa umeinama kwenye skrini. Ulikuwa umeshafungua lile faili la kumbukumbu ambalo mashine huandikia kila hatua na saa yake. Nililiona juu ya bega lako. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Saa ambayo wewe ulikuwa Alupe na watu wa kukushuhudia wamejaa. Uliangalia skrini, ukageuka ukaniangalia mimi. Sekunde mbili hivi. Nami nikasema, "Muulize mtoto. Hiyo ni mashine yake."

Nimelirudia neno hilo kila siku tangu siku ile. Halikuniponyoka. Nililisema nikijua ninasema nini.

Ukafunga lile faili. "Nitairudisha, mzee."

"Utarudisha nini na imeisha? Mombasa usahau. Huko siwezi kutuma mtu wa kunimwagia kazi."

Wiki tatu tulikaa sisi wawili tukipiga chapa upya kutoka kwenye nakala za kaboni, wewe kwenye kibodi na mimi nakusomea, na dereva yeyote aliyepita alikuwa na neno la kukuchoma. Mmoja alikuita Nabwire Futa. Watu wakacheka, nami nikainamia karatasi. Wewe uliendelea kupiga chapa. Hukukosea hata nambari moja.

Na hapo ndipo hasira yangu kwako ilipoanza. Kwa nini hukusema? Ulikuwa na saa, ulikuwa na faili, ulikuwa na Alupe nzima. Ungegeuza tu ile skrini mzee aone. Ungenishtaki, ningeaibika siku moja, ningelia, ningekutupia neno baya, mambo yangeisha na wewe sasa hivi ungekuwa Mombasa. Badala yake ukanifadhili. Ukaniwekea sahani mezani kila siku, "Mama, karibu chakula," kwa sauti ile ile, mpaka nikawa natamani uivunje kichwani mwangu. Ulidhani unanihifadhi. Ulinifungia ndani na lile neno, nikabaki kukaa nalo. Sikulelewa kumchukia mtu aliyenitendea wema, na wewe ulinifundisha ukubwani.

Najua unachotaka kujibu, kwamba si wewe uliyesema uongo. Ni kweli. Nimekosa, na hata katika kukuomba msamaha nakugombeza. Ndivyo nilivyo. Nakupenda, Nabwire, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu lingenisaidia Jumatatu ile na halikunisaidia.

Huko uendako utakutana na watu kama mimi, watu wazima wanaojua kazi yao vizuri na wanaoogopa. Usiwanyamazie. Mtu mzima anayejua alichofanya hahitaji mtoto wa kumbebea. Wewe una subira na mashine ambayo sijaiona kwa mtu. Ikikwama unakaa nayo, unarudi kwenye kosa la kwanza kabisa, hukubali kudanganywa na la mwisho. Kwa watu huna subira hiyo, unafunga tu faili unaondoka. Sijui nilikufunza mimi au ulizaliwa nayo. Kama nilikufunza mimi, nisamehe na hilo pia.

Leo baada ya ibada sikurudi nyumbani moja kwa moja, kama ulivyoona. Nilikwenda kwa Mzee Omuse. Nilimkuta uani amevua viatu, nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, pamoja na zile flopi. Alinisikiliza akitafuna kijiti.

"Mama Nabwire, mbona unajitesa? Hiyo maneno iliisha. Na ile nafasi nilishapea kijana wa dada yangu."

"Anajua kompyuta?"

"Atajifunza." Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti, na hakuwa na ubaya, nadhani alitaka kunisaidia. "Sikia. Tuache hii kitu ikae hapa kati yetu. Wewe ndio uko ofisi. Madereva wakisikia ni wewe, watakuheshimu tena? Msichana anaenda kesho. Maneno itaenda na yeye."

Sikukataa palepale, na sitakuficha hilo. Nilisimama nikaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Ungeondoka, wangesahau, mwaka ujao ningekuwa tena yule mama ambaye fomu yake hairudi. Nilikitaka kitu hicho, mwanangu. Nilikitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Nikamwambia maneno hayaendi na wewe, yanabaki na mimi. Akavaa viatu. Akasema basi nisifungue ofisi kesho kabla hajafika, tuzungumze. Sijui kama bado nina kazi. Kutoka hapo nilipita pale mawakala wanapocheza drafti, nikawaambia wote kwa mpigo, kabla moyo haujabadilika. Walidhani natania. Walipoona sicheki, yule aliyekuita Nabwire Futa akainuka akanipa kiti. Sikukaa.

Nafasi ya Mombasa siwezi kukurudishia. Nimejaribu, umeona nilikofika. Nilikukosesha, na sitajifanya kwamba barua inatosha.

Huko Nakuru, na popote utakapokwenda kuomba kazi ya maana, watu watauliza kwa nini uliondoka Malaba, na mtu wa mpakani hakosekani wa kuwaambia alichosikia. Usinitunzie jina. Usiseme mambo ya nyumbani yanabaki nyumbani. Watolee karatasi hii waisome: mimi Consolata Auma, karani wa uwakala wa forodha, ndimi niliyeifuta ile diski ya ofisi Jumamosi asubuhi, na nikamsingizia binti yangu. Yeye alikuwa Alupe.

Mama yako,
Consolata Auma